Mlango wa Ziwa: Habari za Mto Lukuga

1. Kijiti majini

Mtoto wa Kalemie akienda kando ya mto Lukuga, akatupa kijiti majini, ataona kijiti hicho kinachukuliwa na maji. Hakirudi ziwani. Kinakwenda upande wa machweo ya jua. Kama hakikukwama katika majani, kitapita vijiji vingi, kitaingia katika mto Lualaba upande wa Kabalo, nao Lualaba ndio uitwao Kongo mbele yake. Mwisho wa safari kitafika Banana, penye bahari kuu.

Basi, Lukuga ni mlango wa Ziwa Tanganyika. Mito inayoingia ziwani ni mingi: Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki, na mingine midogo isiyohesabika. Lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Lukuga.

Leo kila mwanafunzi wa Kalemie aweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Hata hivyo, zamani watu wenye elimu walibishana juu yake muda wa miaka kadha. Mmoja alisema, "Maji yanatoka." Mwingine alisema, "Maji hayatoki." Wote wawili walikuwa wamefika pale pale, wakaupima mto ule ule. Na ajabu ni hii: hapana hata mmoja aliyesema uwongo. Habari yenyewe ndiyo hii.

2. Swali la maji matamu

Mwezi Februari mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji, ng'ambo ya pili ya ziwa. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi. Alipopata uhuru wake alirudi Afrika. Bombay alijua kusema na watu na kuongoza msafara. Bila watu kama yeye, Wazungu hao wasingalifika mbali.

Burton na Speke walitaka kujua habari za mto Ruzizi. Je, unaingia ziwani au unatoka? Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Lakini wao wenyewe hawakufika penye mto. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi unaingia. Maneno ya wenyeji yalikuwa ya kweli.

Sasa swali likazidi kuwa gumu. Kama Ruzizi unaingia, maji ya ziwa hutoka kwa njia gani?

Tia maji yenye chumvi kidogo katika sufuria, uiweke motoni. Maji yatapanda kwa mvuke, chumvi itabaki chini. Ongeza maji mengine ya namna ile ile. Hayo nayo yatapanda, na chumvi itazidi. Ukifanya hivyo mara nyingi, maji yatakuwa makali, hayanyweki tena. Ndivyo lilivyo ziwa lisilo na mlango. Mito huleta chumvi kidogo kidogo kutoka katika ardhi na mawe, jua hupandisha maji, nayo chumvi hubaki. Lakini maji ya Tanganyika ni matamu. Watu huyanywa, na kupikia ugali. Kwa hiyo wenye elimu walisema, "Bila shaka ziwa hili lina mlango mahali fulani. Na utafutwe."

3. Cameron aingia Lukuga

Mwaka 1873 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Verney Lovett Cameron, ofisa wa manowari, aende kumsaidia Livingstone. Mkuu wa watu wake wa msafara alikuwa Bombay yule yule. Walipokuwa karibu na Tabora wakapata habari kwamba Livingstone amekufa, na watumishi wake wanaleta maiti yake pwani. Lakini Cameron hakurudi. Alikwenda mbele mpaka Ujiji, akapata mashua mbili, akapita kandokando ya ziwa upande wa kusini, akiandika kila mto na kila rasi.

Tarehe 3 Mei 1874 alifika Lukuga. Alikuta mlango mpana, nao umefungwa na fungu la mchanga lenye majani, isipokuwa nafasi moja iliyo wazi. Akaingia na mashua yake. Maji yakaichukua mashua polepole kwenda upande wa machweo. Baada ya kilomita chache ilizuiwa na majani yaeleayo, yaliyosongamana hata mashua isiweze kupita. Cameron akawauliza wenyeji habari za mto. Wakamwambia kwamba unakwenda mpaka Lualaba, nao wamekwisha kusafiri kwa kufuata kingo zake.

Cameron akaandika katika daftari yake kwamba Lukuga ndio mlango wa ziwa. Kisha akaendelea na safari yake mpaka bahari ya magharibi, akafika huko mwezi Novemba mwaka 1875.

4. Stanley atupa ubao

Mwaka 1876 Stanley alirudi Ujiji. Jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa miti mitatu. Mwaka 1871 aliiona miti hiyo imesimama sokoni, penye nchi kavu. Sasa ilikuwa imesimama ndani ya ziwa. Ziwa lilikuwa limepanda.

Stanley alikuwa na mashua iliyoundwa kwa vipande, iliyoitwa Lady Alice. Wapagazi walikuwa wameichukua mabegani toka pwani. Mshika usukani wake alikuwa Uledi, baharia hodari. Kwa mashua hiyo walilizunguka ziwa lote kwa siku 51, na mwezi Julai wakafika Lukuga.

Stanley alikuwa amekwisha pata habari za Cameron, lakini hakutaka kuzipokea wala kuzikataa kabla ya kupima. Akachonga ubao wa mviringo, akafunga chungu chini yake kwa kamba, ili upepo usiweze kuusukuma ovyo, akauweka majini. Upepo ulipovuma kutoka ziwani, ubao ulikwenda upande wa bara. Upepo ulipotulia, ubao ukarudi polepole upande wa ziwa. Basi akaona kwamba ni upepo tu uliosukuma maji. Mkondo wa kweli haukuwako.

Halafu akashuka, akaenda kwa miguu pamoja na wenyeji. Akaona mto umezibwa na mafunjo na tope nzito. Mbele ya tope ile aliona maji machache yakichuruzika upande wa machweo. Akaandika kwamba Lukuga si mlango bado. Lakini akaongeza neno moja la akili: kwa kuwa ziwa linapanda mwaka hata mwaka, haitapita miaka mingi maji yatakishinda kizuizi kile, nao Lukuga utakuwa mto wenye nguvu.

5. Nani alisema kweli?

Huko Ulaya wengine walimsadiki Cameron, wengine Stanley. Ilionekana kwamba mmoja wao lazima amekosa. Lakini tazama tarehe walizoziandika. Cameron alifika mwezi Mei, mwisho wa masika, ziwa linapokuwa limejaa. Stanley alifika mwezi Julai, wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa yamepungua. Tena ilikuwa imepita miaka miwili, na katika muda huo majani na tope huweza kuongezeka. Kila mmoja aliandika alichokiona, na siku aliyokiona. Mto wenyewe ndio uliokuwa ukibadilika.

Jambo linalofanana na hili lilitokea mbali sana, katika bahari ya barafu. Karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, baridi ni kali hata bahari huganda, na merikebu huweza kunaswa kama nzi katika utomvu. Waingereza walikuwa wakitafuta njia ya kupita katika bahari hiyo, kaskazini ya Amerika, kwenda nchi za Asia. Mwaka 1818 John Ross aliingia na merikebu zake katika mlango wa bahari uitwao Lancaster Sound. Akatazama mbele, akaona milima imefunga njia. Akaichora katika ramani, akaipa na jina, kisha akageuka kurudi. Baadhi ya maofisa wake hawakukubali, maana wao hawakuiona milima ile. Mmoja wao, William Parry, alirudi mwaka 1819 na merikebu nyingine. Alipita mahali pale pale palipochorwa milima, akaendelea mbele mamia ya kilomita. Milima haikuwako. Ross alikuwa amedanganywa na mazigazi.

Hata hivyo njia ile yote haikupitwa upesi. Barafu huifunga na kuifungua, kama vile mafunjo yalivyoufunga Lukuga. Roald Amundsen wa nchi ya Norwe ndiye aliyeipita kwanza kwa chombo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, katika safari yake ya mwaka 1903 hadi 1906.

Basi tofauti ya Ross na Stanley ni hii. Ross aliona kwa mbali, akageuka. Stanley alikaribia, akapima, akaenda kwa miguu, akaandika na yale yaliyompinga. Kwa hiyo, ingawa Lukuga ulifunguka baadaye, maneno yake yanafaa mpaka leo.

6. Mlango wafunguka

Mwaka 1878 alifika Ujiji Edward Hore, baharia aliyefanya kazi na misioni ya Waingereza. Hore alifanya kazi ndogo ambayo faida yake ni kubwa: alitia alama ya kupimia maji ya ziwa, akawa anaitazama na kuandika. Mwaka 1879 alikwenda Lukuga. Hapakuwa na shaka tena. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu na kishindo. Kizuizi kilikuwa kimevunjika.

Mwisho wa mwaka huo huo alifika Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Mkubwa wake wa safari, Keith Johnston, alikuwa amekufa njiani kwa ugonjwa, na uongozi wote ukamwangukia yeye. Lakini hakuwa peke yake. Mkuu wa watu wake alikuwa Chuma, mmoja wa wale waliochukua maiti ya Livingstone mpaka pwani. Thomson na watu wake waliona Lukuga ni mto wa kasi. Wakaufuata kwa siku kadha upande wa machweo, mpaka wakazuiwa kuendelea, wakarudi.

Huko Ujiji alama ya Hore ilionyesha ziwa linashuka. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi lilishuka meta 3 hivi. Likazidi kushuka, hata kabla ya mwisho wa karne ile lilikuwa limepungua meta 10 hivi. Mahali palipokuwa maji pakawa mchanga mkavu.

Ndipo swali la mlango likaisha. Halikuishwa na mtu mmoja. Bombay, Cameron, Stanley, Uledi, Hore, Chuma, Thomson, na wenyeji waliojua habari za mto kabla ya wote, kila mmoja alileta kipande chake.

7. Kwa nini mlango hufunga na kufungua?

Maji mengi ya ziwa hayatoki kwa Lukuga. Sehemu kubwa hupandishwa na jua kwa mvuke, na sehemu ndogo tu hutoka kwa mto. Mvua ikipungua miaka mingi mfululizo, ziwa hushuka chini ya kizingiti cha Lukuga, na mkondo hukoma. Hapo vijito vya kando huleta tope katika njia ya mto, mafunjo huota, na mlango hufungwa. Mvua ikirudi, ziwa hupanda, lakini halina pa kutokea. Hupanda tena na tena, mpaka maji yapite juu ya kizuizi na kukichimba. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa Hore.

Watu wa Kalemie wasidhani kwamba hii ni hadithi ya kale tu. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa, ziwa lilipanda sana. Mwaka 2024 lilipanda tena. Maji yaliingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira, Bujumbura na mahali pengine pwani ya ziwa, na jamaa nyingi walihama na vyombo vyao. Walioumia zaidi ni wale waliojenga karibu na maji katika miaka ambayo ziwa lilikuwa chini. Mchanga ulikuwa mkavu, wakadhani utakuwa mkavu siku zote. Lakini mchanga ule ni sakafu ya ziwa. Ziwa liliuacha kwa muda tu.

Kwa hiyo vipimo vya zamani si kazi bure. Alama ya Hore, miti ya Stanley iliyosimama majini, na vipimo vyote vilivyoandikwa tangu siku hizo, humwonya mjenzi: "Maji yalifika hapa. Yaweza kufika tena."

8. Waliofuata

Baada ya swali la mlango, wataalamu wengine walikuja na maswali mengine. Mwaka 1912 na 1913 daktari Mbelgiji, Louis Stappers, alichunguza samaki wa ziwa na kupima kina chake. Samaki mmoja alipewa jina lake katika vitabu vya elimu: ni yule yule ambaye wavuvi humwita mkebuka. Mwaka 1946 na 1947 msafara mwingine wa Wabelgiji ulizunguka ziwa pamoja na mtaalamu André Capart. Wao hawakuteremsha kamba tu. Walitumia chombo kinachopeleka sauti mpaka chini na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Mwangwi ukikawia, maji ni marefu. Hivyo walipata kina cha meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolipita Tanganyika kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi.

Bado yako mengi ya kujua. Ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, na anayeandika leo humsaidia atakayesoma kesho.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba.

Maneno magumu

Fungu la mchanga: mchanga uliokusanyika majini kama kilima kidogo.
Kizingiti: hapa, mahali pa juu katika njia ya mto ambapo maji hayana budi kupita juu yake ndipo yatoke.
Mafunjo: mimea mirefu kama matete, iotayo majini.
Mazigazi: kitu kinachoonekana kwa mbali na kumbe hakipo.
Mkondo: mwendo wa maji.
Mwangwi: sauti inayorudi baada ya kugonga kitu.

Maswali

1. Taja mito miwili inayoingia Ziwa Tanganyika, na mmoja unaotoka.
2. Kwa nini wenye elimu walisadiki kwamba ziwa lina mlango, hata kabla ya kuuona?
3. Cameron alifika Lukuga mwezi gani? Na Stanley je? Eleza kwa nini hawakuona jambo moja.
4. Stanley alifunga chungu chini ya ubao kwa sababu gani?
5. Ross alikosa nini, na Parry alifanya nini?
6. Mtu anataka kujenga nyumba juu ya mchanga mkavu karibu na ziwa. Umweleze yale uliyojifunza katika somo hili.

Kazi

Pamoja na mwalimu wenu, chagueni mahali pa salama kando ya ziwa, mbali na mamba na viboko. Simamisheni mti wenye alama za sentimeta. Kila Jumatatu mwanafunzi mmoja asome maji yamefika alama gani, aandike katika daftari tarehe na kipimo. Asiandike anachokidhani, aandike anachokiona. Mwisho wa mwaka wapeni daftari hiyo wanafunzi watakaowafuata, nao waendelee.